Daftari la Waliokataliwa na Mashine

Dada yangu Yusta Niyonsaba ni mbishi. Nalisema mapema ili msije mkadhani nimekaa hapa kumsifu tu. Alibishana na baba, akaolewa akabishana na mume, mume akafariki, Mungu amrehemu, na tangu hapo wa kubishana naye kila siku ni mimi, Laurent, mdogo wake, fundi baiskeli wa hapa Busunzu, karibu na mpaka wa Burundi. Wengi humwita Mwalimu. Enzi za kisomo aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na wapo wazee hapa kijijini ambao mpaka leo wakimwona wanaficha sigara. Kisomo kilipokufa akarudi kwenye mihogo: kuchimba, kumenya, kuloweka, kuanika, kutwanga. Kazi hiyo ndiyo iliyomla vidole.

Mwezi wa sita mwaka 2015 zilikuja mashine za kuandikisha wapiga kura, zile za BVR. Zilifungwa kwenye ghala la zamani la ushirika, zikae siku saba. Unakaa mbele ya kamera, unapigwa picha, unabonyeza vidole kwenye kioo kidogo chenye taa, na kadi inatoka papo hapo. Mwandikishaji alikuwa binti mmoja mwalimu, Careen, mgeni aliyepangiwa kazi huku kutoka Morogoro. Alikuwa na adabu, ila Kiha hakujua hata cha kusalimia.

Siku ya kwanza Yusta alikuwa wa nne kwenye foleni. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Akabonyeza vidole, mashine ikakaa kimya. Careen akamfuta kwa kitambaa, akajaribu tena. Akajaribu vidole vyote kumi, kimoja kimoja.

"Mama, vidole vyako havisomeki. Pole sana. Naomba upumzike, urudi kesho."

Basi ingeishia hapo kama si kijana mmoja nyuma kwenye foleni aliyesema, tena kwa kucheka, "Mashine imemjua huyo."

Watu hawakucheka naye. Nilielewa alichomaanisha, kama walivyoelewa wote. Sisi Waha na Warundi tunasikilizana lugha, majina yetu ni yale yale. Hata kwamba Yusta ni Niyonsaba na mimi ni Havyarimana, watu wa baba mmoja na mama mmoja, mgeni huona ajabu, wakati kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Mwaka 2013, kwenye ule msako wa wahamiaji haramu, jirani yetu Venanti alipakiwa kwenye lori na kushushwa mpakani. Venanti kitovu chake kimezikwa hapa Busunzu. Alirudi kwa miguu baada ya wiki tano, na hadi leo akisikia gari kubwa linapunguza mwendo anasimama. Sasa mwaka huo huo wa mashine, Burundi kukachafuka, wakimbizi wakawa wanaingia kila siku. Uvumi ukaenea kijiji kizima kabla ya jioni: ile mashine ina ujanja ndani yake, Mrundi akiigusa inamkataa.

Siku ya pili ilinikataa na mimi. Miaka ishirini ya msasa na solusheni ya kubandikia viraka, ningebakiwa na alama gani? Nilitoka pale nikitazama chini, nikaenda zangu kwenye matairi yangu. Nikaamua kunyamaza.

Yusta hakunyamaza. Alichukua kigoda na daftari la shule, lile la kurasa themanini, akakaa nje ya mlango wa ghala tangu asubuhi hadi mashine zinafungwa. Kila aliyekataliwa alimsimamisha. Jina lako? Kitongoji? Umejaribu mara ngapi? Unafanya kazi gani? Nilimuuliza kazi za watu zinahusu nini. Akaniambia nimwache.

Siku ya nne alikuja kwenye kibanda changu, akaliweka daftari juu ya benchi, katikati ya spoku.

"Soma."

"Nina kazi, dada."

"Soma, Laurent."

Nikasoma. Mihogo. Mihogo. Tofali. Mihogo. Tofali. Tumbaku. Mihogo. Fundi baiskeli.

"Hawa ni Warundi?" akauliza. "Mashine inamkataa Mrundi, halafu inampitisha karani na mwenye duka? Ni mikono, wewe! Imetukataa kwa sababu tunafanya kazi!"

Alifurahi utafikiri amegundua dhahabu. Nami, nisiseme uongo, nilijivunia. Alikwenda kumwonesha Careen, na yule binti akakubali kabisa: ngozi iliyokauka na kuchubuka haisomeki. Akamshauri awaambie watu waache kugusa mihogo na udongo siku mbili, wapake mafuta, vidole vilainike, ndipo warudi.

Yusta akatangaza mafuta. Lakini hakusema mafuta gani, na huku kwetu ukisema mafuta bila kufafanua umesema mawese. Siku ya sita asubuhi watu walifika mikono ikiwa myekundu mpaka kwenye viwiko. Wa kwanza alipobonyeza, kioo kikageuka rangi ya machungwa. Careen alipiga kelele. Mashine ikakataa watu wote kwa saa nzima, karani kwa mwenye duka, mpaka ilipofutwa na spiriti iliyoombwa zahanati. Waliokuwa kwenye foleni walimtukana dada yangu, na mimi mwenyewe nilicheka hadi nikakaa chini. Yeye aliwapeleka watu mtoni, akawasugua mikono kwa sabuni ya mche, akawapaka mafuta ya mgando kidogo kidogo kutoka kwenye kopo lake mwenyewe. Ishirini na watatu wakapita, kati ya sitini na mmoja waliokuwa kwenye daftari.

Siku ya saba mashine zikafungwa, zikapelekwa kata nyingine. Kwenye daftari tulibaki thelathini na wanane. Yusta alikuwa wa kwanza. Mimi nilikuwa wa kumi na nne.

Alipanga alipeleke daftari Kibondo mjini kwa afisa wa uandikishaji, aombe siku moja tu ya nyongeza. Bila kadi ile hupigi kura, hilo linajulikana. Ila kwetu sisi kadi ilikuwa zaidi ya kura. Mtu akikusimamisha barabarani na kukuuliza wewe ni wa wapi, una kitu cha kutoa mfukoni.

Siku moja kabla ya safari, jua likiwa bado juu, akaja Isack, mjumbe wa kamati ya ulinzi ya kata. Simsingizii ubaya. Alisalimia vizuri kwa Kiha, "Mwakeye," akakubali kiti, akanywa maji. Ndipo akasema, "Mwalimu, tumesikia una orodha ya watu waliokataliwa na mashine. Tunaihitaji. Kuna zoezi la kuhakiki wageni."

"Hii si orodha ya wageni," Yusta akasema.

"Ndiyo maana tunahakiki. Kesho saa nne ofisini, uje nayo."

Akaondoka taratibu. Tulibaki tukitazama lile daftari juu ya mkeka. Sikuwahi kuogopa karatasi maishani mwangu kama nilivyoogopa zile. Majina thelathini na wanane, na vitongoji vyao, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Aliyetaka kujaza lori asingehitaji hata kuuliza njia.

"Choma," nikamwambia. "Jiko hilo hapo. Choma sasa hivi, kesho useme limepotea."

"Nikilichoma, hawa hawajawahi kufika pale mlangoni. Itasemwa Busunzu watu wote waliandikishwa, hakuna aliyelalamika."

"Bora hivyo kuliko mpakani!"

Aligeuka kutazama barabarani, mara mbili, mara tatu. Dada yangu alikuwa anaogopa, na mimi kumwona yeye anaogopa kulinimaliza kabisa. Mbishi wetu akishindwa, nani atabaki?

Akainuka. Akachukua daftari, rula na kalamu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Nilimfuata kwa sababu nilishindwa kukaa peke yangu. Kila mlango alisema maneno yale yale: ofisi inataka orodha, mimi naipeleka mbele yao kesho kisha naipeleka Kibondo, jina ni lako, libaki au nilifute? Hakumbembeleza mtu. Wengine walisema libaki, na kesho tutakuja pamoja. Venanti alisimama mlangoni akishika mwimo kwa mikono miwili.

"Futa, Mwalimu. Nisamehe. Mimi lile lori nimeshalipanda."

Yusta akaweka rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya jina. Alipiga mistari kumi namna hiyo. Tuliporudi kwake akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

Nilisema nina wateja. Nilisema mimi huwa hata sipigi kura, wanasiasa wote nawajua. Nilisema mengi. Alisubiri nimalize.

"Futa," nikasema.

Akaweka rula.

Asubuhi walikwenda ishirini na saba. Mimi nilikwenda pia, lakini nilibaki upande wa pili wa barabara na baiskeli, kama mtu anayepita. Isack alitoka nje akakuta watu wamejipanga kwenye uwanja wa ofisi. Yusta akafungua daftari, akaanza kusoma kwa sauti ya darasani. Jina, kitongoji, umezaliwa wapi, nani anakujua. Kila mmoja alijibu "Nipo," na kila mmoja alikuwa amekuja na jirani wa kumshuhudia. Watu wakazidi kukusanyika. Alipomaliza akasema, "Ndugu mjumbe, umewaona kwa macho. Daftari hili linakwenda Kibondo leo hii. Ukitaka nakala, kaombe kule."

Isack hakugomba. Alitoa kijitabu chake mfukoni, akaandika jambo, akakirudisha. Hicho kijitabu kilitunyima usingizi wiki tatu.

Kibondo walilipokea daftari, wakanakili majina ishirini na saba, wakamrudishia na kumwambia asubiri. Tukasubiri. Yusta alikonda. Alikuwa akimenya mihogo ameelekea barabarani, yeye ambaye siku zote hukaa ameipa mgongo. Siku moja yalipita mabasi ya wakimbizi wakipelekwa kambini Nyarugusu, na watu wetu wanane wakakimbilia mashambani wakidhani ndiyo yale malori ya msako. Basi moja lilisimama karibu na kibanda changu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama dirishani akaniomba maji kwa Kirundi. Nilimwelewa kila neno, na kule kumwelewa kuliniogopesha. Nilimpa maji bila kufungua mdomo, nikitazama huku na huku kama mwizi. Mpaka leo naona aibu kwa ajili ya yule mama.

Kisha, Jumanne moja, gari likaja. Lilikuwa dogo, na ndani yake alikuwa Careen na mashine moja. Wamepewa siku moja, kwa waliokataliwa wa Busunzu. Nilitamani kupiga vigelegele. Ila mlangoni mwa ghala, mikono nyuma, kijitabu kikionekana kwenye mfuko wa shati, alisimama Isack.

Yusta aliketi pale pale kwenye kigoda chake akawa anaita. Vidole vyake vilisomeka vitatu, Careen akasema vinatosha. Alipopewa kadi aliitazama ile picha yake, akasema wamemzeesha. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kule nilikojibanza, kwenye kona ya ghala. Akaendelea kuita hadi akawamaliza ishirini na saba, wengine kwa vidole viwili, mmoja kwa dole gumba tu. Jua lilikuwa bado lipo. Careen akamuuliza kama wamekwisha.

"Bado," dada akasema.

Akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma yale yaliyopigwa mstari. Rula yake ilikuwa imefuta kwa adabu, kila jina lilisomeka. La kwanza aliita Venanti. Akaita tena. Ndipo kutoka nyuma ya watu nikasikia sauti nyembamba, inayokaribia kulia, "Nipo, Mwalimu," na watu wakamfungulia njia. Alipita mbele ya Isack, akaingia. Baada ya Venanti akaja mwingine, na mwingine. Wote kumi walikuwepo. Walikuwa wamejificha huku na huku kuzunguka ghala, kama mimi, ambaye jina langu aliliruka akaliacha la mwisho.

"Laurent Havyarimana."

Nilikuwa kwenye ile kona ya ghala, nimeshika rimu ambayo haikuwa na ubovu wowote. Kutoka pale hadi mlangoni ni hatua kumi na tano, nimezihesabu baadaye. Niliona bega la Isack na mfuko wa shati lake. Nikafungua kinywa.

"Laurent Havyarimana," akarudia, kwa sauti ile ile anayoniitia chakula.

Alingoja. Careen naye akachungulia mlangoni. Kisha nikamsikia dada yangu akimwambia, "Hayupo."