Kipara Kilichokuja na Jina

Mume wangu wa kwanza alikuwa na kipara. Mume wangu wa pili ni mjukuu wangu, na siku alipogundua kwamba kipara kinamnyemelea na yeye, alikuja moja kwa moja kunilaumu mimi.

Msomaji wa mbali asishtuke. Kwetu huku kando ya ziwa, mtoto akipewa jina la marehemu, marehemu huyo amerudi kidogo. Kijana huyu ana jina la babu yake, kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni namwita mume wangu, na akinitembelea namdai sukari na sabuni kama mke mwingine yeyote. Msichana atakayemuoa ni mke mwenzangu. Ndio utani wetu huo. Majina ya watu wote hawa ninayo kichwani, ya walio hai na ya walio kaburini, na ya ng'ombe wao pia, lakini hapa sitataja hata moja. Walio hai tunakutana sokoni, na wale wengine ninakaribia kukutana nao.

Anatengeneza simu Homa Bay mjini. Siku hiyo alinikuta nikianika omena, wale dagaa wetu wa ziwa, jua limewaka vizuri, na yeye amevaa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

"Dani," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wanavyotuita, "nataka nikuulize kitu, na usicheke."

"Nimeshacheka. Uliza."

Akavua kofia, akainama mbele yangu kama anayebatizwa.

"Unaona nini?"

"Naona kichwa."

"Hapa mbele, Dani. Kwenye kona."

Nikajifuta mikono, nikavaa miwani. Kweli, kwenye kona mbili za paji la uso nywele zilikuwa zimeanza kuondoka, kila upande kwa siri yake, na katikati zimebaki chache zimechomoza kama rasi inayoingia ziwani. Rasi hiyo niliijua. Nililala nayo kwenye mto mmoja mpaka siku nilipoizika.

"Karibu nyumbani, mume wangu," nikasema.

Hakucheka hata kidogo. Akaketi juu ya ndoo yangu akanieleza. Alikuwa amempeleka msichana wake kisiwani Takawiri kutembea, msichana akampiga picha upepo ukimpiga usoni. Watu wote walioiona picha walisifu mchanga na maji. Yeye aliona paji la uso. Akaitanua picha kwa vidole viwili, akaitanua tena, mpaka mchanga ukaisha, maji yakaisha, likabaki paji peke yake limejaa simu nzima.

"Babu alianza lini?" akauliza.

"Mimi nitajua wapi? Alipokuja kunichumbia alikuwa na kofia ya kahawia yenye ukingo. Nilifikiri ni mtu wa kanisa sana."

"Na kichwa chenyewe ulikiona lini?"

"Baada ya ng'ombe kufika kwetu. Sasa ng'ombe unawarudishaje kwa sababu ya kichwa?"

Hapo ndipo akatoa kilichokuwa kinamla. Mwezi uliofuata alitakiwa kwenda Awendo, nyumbani kwa msichana, kujitambulisha kwa wazee. Na msichana huyo, siku moja wakitazama televisheni, aliona mheshimiwa fulani anahutubia huku kichwa kinameremeta, akasema, "Mimi siwezi kuolewa na kioo." Alisema akitafuna karanga, akasahau. Kijana wangu hakusahau. Alilibeba neno hilo na kulifuga.

"Dani, ataniacha," akasema. "Nakuambia ataniacha."

Sasa matibabu yakaanza. Kwanza alinunua chupa kwenye duka la dawa, bei ya ndama, ya kujidondoshea kichwani asubuhi na jioni. Nikamuuliza ataidondosha mpaka lini. Akasema maisha yote, ukiacha nywele zinaanguka tena.

"Hiyo si dawa," nikamwambia. "Hiyo ni ndoa."

Kisha simu yake ikamfundisha maji ya kitunguu. Akatwanga vitunguu vyangu, akajipaka, akaja nasi kanisani Jumapili akiwa hivyo hivyo. Watu wa benchi letu wakasogea, wakasogea, mpaka tukabaki wawili kama wenye ukoma. Mama mmoja wa benchi la nyuma alitokwa na machozi mahubiri yote, na pasta, maskini, alifurahi sana, akamtaja mbele ya watu kama moyo ulioguswa.

Akaniambia pia kuna nchi za mbali ambako wanang'oa nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, moja moja.

"Kama miche ya sukuma wiki?"

"Karibu hivyo."

"Na huko kisogoni atapanda nani?"

Nauli yenyewe hakuwa nayo, tukaliacha hilo.

Ni binamu yake wa Oyugis aliyemwambia kwamba anahangaika bure. Tatizo ni jina. Kipara kilikuja na jina, kwa hiyo jina likiondoka kitaondoka nalo. Mume wangu akaja mbio.

"Dani, jina hili mlinipa mkiwa na akili gani?"

Nikamweleza tena, ingawa hadithi hiyo anaijua kuliko anavyoijua simu. Alipozaliwa alilia kutwa nzima, hataki titi, hataki kubembelezwa. Kwetu mtoto akilia hivyo, wanawake wanamtajia majina ya marehemu, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Mimi ndiye mwenye majina, nikawa nayataja. Tukataja wavuvi, akalia. Tukataja wafuga ng'ombe, akalia zaidi. Nikataja la mzee wangu. Akanyamaza, akashika titi.

"Kwa hiyo mlinivalisha kipara nikiwa sijui kusema hapana!"

"Ulisema ndiyo. Ulinyamaza."

"Basi nitafutie marehemu mwingine. Mwenye nywele."

Nikaacha omena, nikakaa chini kutafuta. Si kazi ndogo. Kulikuwa na mmoja mwenye nywele mpaka kwenye nyusi, lakini alikuwa akitegua nyavu za watu alfajiri na kula samaki wao. Kijana akasema hapana. Kulikuwa na mwingine, nywele laini kama za ndama, lakini aliogopa kuku. Mtu mzima, anapanda juu ya meza.

"Kuku, Dani?"

"Hasa jogoo."

"Mwingine."

Basi nikamkumbuka binamu wa mzee wangu. Huyo nywele zake zilikuwa kichaka. Alikuwa akisahau chanuo humo ndani na kulitafuta nyumba nzima, akigombana na kila mtu, na chanuo limesimama kichwani pake linamsikiliza. Alipokuwa kijana alikuwa na baiskeli nyeusi, na kila wiki alipotea nayo upande wa Awendo, akisema anafuata sukari nguru. Sukari nguru yenyewe hatukuwahi kuionja. Alikufa mzee kabisa, kitandani, na nywele zake zote.

"Huyo!" mume wangu akapiga kofi. "Kuanzia leo mimi ni huyo."

Nikamwambia jina halivaliwi kama kaptula. Hakusikia. Akajitangaza mjini kwa jina la mwenye nywele, na akaapa kwamba kona ya kushoto imeanza kuota kitu. Nilikitazama kitu hicho na miwani na bila miwani. Kilikuwa uchafu.

Siku ya Awendo ikafika. Zamani ziara hiyo ilikuwa ya wanaume, sisi wazee wa kike tunabaki kuwasubiri na maswali. Siku hizi tunashonewa nguo za kitambaa kimoja na kubebwa, na mimi nilikuwa na haki ya kwenda kumkagua mke mwenzangu. Nilipomwona mume wangu akitoka kwa kinyozi karibu nisimjue. Kinyozi alikuwa amempaka poda nyeusi kwenye zile kona, akaichora mbele mstari ulionyooka kama uzio wa shule. Rasi imezama. Kijana ana nywele kama za sanamu.

"Usiniguse kichwa," akaniambia. "Na usinichekeshe. Nikitoka jasho nimekwisha."

Tukapokewa vizuri. Barabarani malori yalikuwa yakipita na miwa, harufu ya molasi imejaa mpaka sebuleni. Tukaombewa, tukaketi. Karibu na mlango alikuwa ameketi bibi ya msichana, mwanamke wa umri wangu, mwembamba, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Msichana mwenyewe akaingia na jagi na beseni, akaanza kutunawisha mikono, sufuria ya kuku imeshawekwa mezani. Baba mdogo wa kijana, ambaye ndiye msemaji wetu na alikuwa amefanya mazoezi ya hotuba njia nzima, akasimama kututambulisha. Alipofika kwa bwana harusi, yule bibi akainua mkongojo.

"Huyo aseme mwenyewe. Kijana, wewe una jina la nani?"

Mume wangu akasimama. Akataja jina la mwenye nywele. Akataja na kijiji chetu, na ukoo, sauti imejaa.

Yule bibi akaegemea mkongojo wake. Akamtazama kuanzia viatuni mpaka juu, kwenye ule mstari wa kinyozi, akakaa hapo hapo. Kisha akamuuliza, polepole kabisa:

"Baiskeli umeshaifunga?"

Watu wakatazamana. Kijana akasema hana baiskeli.

"Nyeusi," akasema bibi. "Uliketi nyumbani kwetu nikiwa msichana. Mama yangu akakuchinjia kuku, ukamla peke yako, ukalamba na vidole. Ukasema, ngoja nikafunge baiskeli isije ikaibiwa. Nikakusubiri na chai. Mimi na chai ile tukapoa pamoja."

Yawa! Mimi nikawa najibana mbavu. Kumbe hiyo ndiyo sukari nguru yetu!

Baba mdogo akaanza kueleza kwamba mambo ya marehemu ni ya marehemu, lakini bibi alimkata. "Jina hilo limeshakula kwetu mara moja. Mjukuu wangu simpi mtu wa baiskeli. Kuku arudi jikoni."

Na kuku akarudi kweli. Tulimwona akipita na sufuria yake, hata mfuniko haujafunguliwa. Baba ya msichana akainamisha kichwa, maana huyo ni mama yake, atamwambia nini? Msichana akasimama na beseni lake katikati ya sebule. Mume wangu akanigeukia. Uso ule niliujua: alikuwa nao siku ile aliyolia kutwa nzima akitafuta jina.

Hapo nikaacha kucheka. Nikainuka, magoti yakalia, nikachovya ncha ya leso kwenye beseni la mke mwenzangu.

"Dani, usifanye," akanong'ona.

"Nyamaza. Ulinyamaza ile siku, nyamaza na leo."

Nikamfuta. Poda ikatoka, mstari ukatoka, maji meusi yakamshuka kwenye pua na kwenye shati jeupe. Kona ya kwanza ikatokea, ya pili ikatokea, na katikati rasi yangu ikasimama ndani ya maji kama zamani.

"Haya, dada yangu," nikamwambia yule bibi. "Wewe ulimjua wa baiskeli. Alikuwa na kichwa hiki?"

Akaomba miwani. Akaomba kijana apige magoti. Akaweka kiganja kwenye paji lile, akakitembeza huku na huku kama anayepima unga.

"Hapana," akasema. "Yule alikuwa kichaka. Vidole vyangu vilikuwa vinakwama." Kisha akajikohoza, maana mwanawe alikuwa anasikiliza.

"Huyu ni mzee wangu mimi," nikamwambia. "Jina alilokutajia ameliazima sababu ya nywele. Lake la kweli ni la mtu ambaye hakuwahi kutoka mezani kabla ya chai."

Nikalitaja jina lenyewe mbele ya wote. Mume wangu akalirudia, kwa sauti ndogo, akiwa bado amepiga magoti na pua nyeusi.

Aliyecheka kwanza alikuwa msichana. Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika kwenye viatu vya baba mdogo.

"Kumbe ndiyo sababu ya vitunguu!" akasema. "Na mimi nilifikiri ni ugonjwa, nikawa nakuombea."

"Ulisema huwezi kuolewa na kioo," kijana akamjibu, karibu kulia.

"Nani? Mimi? Lini? Hizo kona nimeziona siku tuliyojuana, ulipoinama kufungua simu yangu. Nikafikiri unajua unazo."

Bibi alikuwa bado ameshika paji la uso, hajautoa mkono. "Huyu anaweza kukaa," akasema. "Na hata akitoroka, jua likiwaka tutamwona mpaka afike Migori. Mleteni kuku."

Wakamleta. Alikuwa amepoa kidogo, hakuna aliyelalamika. Mume wangu hakuthubutu kuinuka mpaka chai ya mwisho, na alikunywa vikombe vingi, kwa hiyo mtajua wenyewe alivyoteseka.

Sasa wameoana. Ile chupa ya bei ya ndama ameachana nayo, na mke mwenzangu ndiye anayemnyoa kichwa chote, kisha anampaka mafuta mpaka kinang'aa. Huko Awendo yule bibi bado hamwamini mtu anayeelekea mlangoni. Kijana akiinuka tu, hata kama ni kwenda chooni, bibi ananyoosha mkono. Mume wangu anavua kofia, anainama, bibi anapapasa kona ya kushoto na kona ya kulia bila haraka.

"Haya," anamwambia. "Nenda, na urudi."