Vuta Nyasi Kabla ya Kufungua

Mwanangu, jana nilikuona umesimama kwenye ua wa miiba, unawatazama kondoo wako waliokonda, mkono uko tayari kuondoa matawi. Mkono huo naujua. Siku moja ulikuwa wangu.

Nilikuwa bibi harusi mgeni, nimetoka Msanzi na kondoo watatu niliopewa na mama. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, na kondoo wa nyumba zote walichungwa pamoja na punda wa kubebea mahindi. Baba mkwe ndiye aliyekabidhiwa malisho. Aliyagawa vipande vinne: wanyama wanakula kimoja, vitatu vinapumzika. Kile cha bondeni aliwatunzia kondoo watakaozaa kiangazi.

Zamu yangu ya kuchunga iliangukia mvua za kwanza. Mbavu za kondoo zilihesabika, na bondeni nyasi ndiyo kwanza zinachipua. Huruma ikanishinda. Nikaondoa miiba ili waingie watatu wangu tu. Lakini kondoo hatengani na wenzake; kundi zima likaingia, punda nyuma yao, na punda ana meno juu na chini, hukata mpaka udongoni. Nikarudia siku nne, nikijidanganya kwamba mvua itarudisha.

Mvua ilirudisha magugu. Kiangazi kilipofika na ule upepo wetu wa baridi, mmoja wa wale kondoo niliopewa na mama akazaa, na maziwa hana. Nilimnywesha mwanakondoo uji mwepesi kwa kijiko. Siku ya tatu akafa mapajani mwangu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mimi nilimpakata.

Kwenye mkutano wa kijiji wakauliza ni nani aliyefungua bondeni. Baba mkwe akasimama, akavua kofia.

"Malisho mlinikabidhi mimi," alisema. "Kosa ni langu."

Njiani nilipiga magoti. "Baba, nisamehe. Ni mimi niliyefungua."

"Najua, mama. Inuka. Uliwahurumia kwa siku nne, ukasahau miezi."

Hakulitaja tena. Mvua zilipoanza alinipeleka bondeni, akavuta nyasi kidogo. Zikang'oka na mizizi yake. Wiki kadhaa baadaye akanirudisha, akavuta tena, zikakatikia mkononi. "Sasa fungua," akasema.

Basi nenda ukavute, mwanangu. Zikikatika, wafungulie. Ziking'oka, warushie mabua ya mahindi na uvumilie vilio vyao, maana huruma isiyongoja huua kile inachokihurumia. Na kama jana ulishafungua nilipogeuka, njoo uniambie. Sitakufokea. Watu wakiuliza, nitasimama mimi, kwa kuwa nilisimamiwa.

Mungu akujalie mvua kwa majira yake, zizi lenye maziwa, na mtu wa kuvua kofia kwa ajili yako.