Mkono Aliouachia Fundi

Dada yangu aliponitaka ushauri, ajiunge na karate au taekwondo, nilimwandikia kurasa nne. Leo najua kwamba swali lile halikuhitaji kurasa, na huenda halikunihitaji mimi. Lakini mtu aliyesomea historia chuo kikuu, kisha akaifundisha miaka ishirini na mmoja, huamini kwamba jambo lolote likishagawanywa katika safu mbili limekwisha nusu. Upande mmoja niliandika ngumi, msimamo wa chini, umbali mfupi. Upande wa pili mateke, wepesi, umbali mrefu. Chini nilipiga mstari kwa rula, nikaandika hitimisho: karate.

Aliisoma karatasi ile mbele yangu, ameketi kwenye cherehani, mguu wa kulia ungali juu ya kanyagio. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumpata mtoto wa shule za jirani ambaye sare yake haikupita chini ya sindano ile.

"Hapa umeandika umbali mfupi," alisema. "Kwani chumba hiki kina umbali gani?"

"Ndiyo maana nikasema karate. Humu ukirusha mguu utavunja kabati."

"Na mikono?"

"Mikono ndiyo utakayopigia."

Aliikunja karatasi mara mbili, kisha mara ya tatu, akainama na kuisukuma chini ya mguu wa meza ya kukatia, uliokuwa ukicheza tangu wiki iliyopita. Akaitikisa meza. Ilitulia.

"Ahsante, Msomi," alisema. "Imefaa."

Nilicheka, kwa sababu sikuwa na la kufanya. Ila nilipaswa kujua, kuliko mtu mwingine yeyote, kwa nini alikuwa ameuliza habari ya mikono.

Mumewe wa zamani, ambaye bado namwita shemeji kwa mazoea ya ulimi, alikuwa mpasuaji wa mbao. Msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kulia, na kiwandani wakampa kazi ya kufungua na kufunga lango. Tangu siku hiyo hakuvumilia kuitazama mikono ya mkewe ikienda na kurudi juu ya kitambaa. Mara ya kwanza alimbana vidole kwenye droo ya kabati, akaisukuma droo kwa goti hadi mbao zikalia. Mara ya pili alimkanyaga kiganja kwa buti, akazungusha kisigino kama mtu anayezima kipande cha sigara. Kidole cha shahada kilivunjika mara zote mbili. Daktari alimwambia kwamba kikivunjika tena, asikitegemee kwa kushika sindano.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili kulikuwa na kikao cha familia. Nilikuwapo. Kwa kuwa ndimi niliyesoma, nilipewa nafasi ya kusema mwisho, nami nikasema kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Dada yangu, kidole kikiwa kimefungwa kijiti, alinitazama mara moja tu, akachukua mkoba wake, akarudi kwa mumewe. Nimeyapima maneno yale mara nyingi tangu hapo, na sijapata bado upande wake mzuri.

Baada ya buti aliondoka kwa miguu yake mwenyewe, bila kikao. Alipanga chumba chenye mlango wa mbele na wa nyuma, mbele akashona, nyuma akalala. Kwenye kituo cha polisi walimwita shemeji, wakamwandika, wakamwachia. Naye akatuma maneno kwa jirani: shule zikifungwa atakuja kumchukua mkewe, na akikataa atamwachia mkono mmoja. Ilikuwa imebaki miezi mitatu shule zifungwe.

Ukumbi wa mazoezi ulikuwa ghala la zamani la saruji, na vumbi lake lilikuwa bado katika nyufa za sakafu. Jumanne na Alhamisi karate, Jumatano na Jumamosi taekwondo. Alianza na karate, kwa heshima ya kurasa zangu, nadhani. Mwalimu alikuwa fundi bomba, mtu mfupi, mpana, mwenye sugu juu ya vifundo vya vidole. Aliwapanga wanafunzi wapya mbele ya nguzo iliyozungushiwa kamba na kuwaamuru wapige. Dada yangu alipiga mara moja. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi, nikisahihisha mitihani, na niliisikia pumzi yake ikikatika.

"Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe," alimwambia mwalimu, akiukumbatia mkono tumboni.

"Ndiyo, mama. Kwanza uumie, halafu uote sugu."

"Sugu ikiota hapa, sindano nitaishika kwa meno?"

Fundi bomba aliutazama mkono ule kwa muda, akakiona kidole kilichopinda. Hakutabasamu. "Basi njoo kesho, Jumatano. Kuna mwenzangu anafundisha watu kupiga mateke kama punda. Sisemi kwa ubaya. Punda akikupiga, utamheshimu."

Mwalimu wa taekwondo alikuwa mwanamke mrefu aliyefanya kazi ya ukarani wa vifurushi posta, na huko ukumbini pia walimwita Karani. Dada yangu alimweleza umri wake kabla hajaulizwa.

"Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Mimi nimeshakauka."

"Samaki mkavu hakunjiki," Karani alijibu, "lakini ukimpiga mtu naye usoni, anaumia. Vua viatu."

Ndivyo uchaguzi ulivyofanyika. Nyumbani nilijaribu kuupinga kwa hoja. Nilimwambia kwamba mchezo ule una sheria, kwamba hairuhusiwi kupiga chini ya mkanda, na kwamba mtu wa lango hajazisoma sheria hizo. Alinisikiliza hadi mwisho, kama kawaida yake, huku akijishonea suti nyeupe ya mazoezi.

Jumamosi ya pili alipambanishwa na muuza viatu, binti mwembamba mwenye miguu mirefu. Mara tu walipoinamiana, dada yangu aliificha mikono yake nyuma ya mgongo. Sidhani kama alijua. Muuza viatu alisita, akamtazama Karani, kisha akarusha mguu. Unyayo ulimpata dada yangu mdomoni. Niliona kichwa kikienda nyuma na damu ikimwagika juu ya kitambaa alichokipiga pasi asubuhi ile. Alitema jino kiganjani.

"Mikono juu, Fundi," Karani alisema.

"Mikono si ya kupigwa."

"Na uso je?"

"Uso haushoni nguo."

Watu walicheka, naye pia, kwa meno mekundu. Alipigwa tena sikioni, kisha shingoni, kisha mbavuni mpaka akapiga goti, na mikono ilikuwa bado mgongoni. Mateke yake mwenyewe hayakupanda. Yalishuka. Aliukunja mguu, akausukuma chini kwa kisigino, mara mbili mbili, kwa mpigo uleule wa kanyagio, na kila yalipofika yalifika kwenye goti la mwenzake. Karani alimtoa nje ya mkeka mara tatu kwa kosa hilo, na mara ya tatu muuza viatu alitoka akichechemea.

Darasa lilipokwisha, Karani alimwendea na kumshika mkono wa kulia. Hakuubana sana. Dada yangu akabadilika palepale. Mabega yalishuka, macho yakaelekea sakafuni, na uzito wake wote ukahamia upande aliovutwa. Mimi, nduguye wa damu, nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo. Karani aliliona kwa wiki mbili.

"Piga," Karani alimwambia.

"Nitapigaje? Mkono unao wewe."

"Haya, ninao. Si wako tena, umekwenda. Umebaki na nini?"

Karani alimwachia. Jumamosi iliyofuata akamshika tena, na iliyofuata, na iliyofuata. "Piga," alimwambia, na dada yangu alisimama kama nguo iliyotundikwa. Wiki ya saba alitokwa machozi kwa hasira. Wiki ya nane mguu ulinyanyuka kidogo, ukarudi chini.

"Karibu," Karani alisema.

Shule zilifungwa Ijumaa. Jumatatu, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye chumba cha kushonea, nikimsaidia kukunja sketi zilizokuwa zikisubiri muhula mpya. Dada yangu alikuwa kwenye cherehani. Shemeji aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akatia komeo bila haraka, kama mtu aliyezoea malango.

"Hamjambo," alisema. "Msomi nawe upo. Vizuri, utapata cha kuandika."

Nilisimama. Nilisema, "Shemeji, tukae tuzungumze." Ndiyo maneno yote niliyokuwa nayo baada ya miezi mitatu ya onyo. Alinipiga kiwiko juu ya pua. Nilisikia mfupa ukisagika, miwani ikaruka, nikakaa kitako juu ya marobota ya kitambaa, damu ikijaa kinywani. Ningeweza kusimama tena. Miguu yangu ilikuwa mizima. Nataka jambo hili lieleweke, kwa sababu dada yangu hajawahi kulisema, na mimi nisipolisema litaonekana kama halikutokea.

Alimfikia kwenye cherehani na kumkamata mkono wa kulia. Kwa vidole vyake vitatu alikishika kile kidole cha shahada, akakikunja nyuma. Nilimwona dada yangu akilegea kama nilivyomwona ukumbini. Mabega, macho, uzito.

"Unafuata au hufuati?"

Aliutazama mkono wake. Aliutazama kwa utulivu, kama anavyoitazama nguo iliyokwisha kukabidhiwa kwa mwenyewe, ambayo haina tena la kurekebishwa.

"Uchukue," alisema.

Kidole kilivunjika kwa sauti ndogo, kavu, kama chaki inapokatika ubaoni. Shemeji alikuwa bado akisubiri kilio na utii vilivyofuata siku zote, alipopokea kisigino kwenye goti. Cha pili kilitua palepale kabla cha kwanza hakijaondoka. Goti lilikwenda upande ambao goti haliendi. Akaanguka na kuiangusha cherehani, huku angali ameung'ang'ania mkono, na dada yangu hakujisumbua hata kuuvuta. Alimwachia. Akasimama juu yake na kukanyaga, mbavu, bega, mbavu, kwa mpigo uleule niliousikia maisha yangu yote kupitia ukutani wakati akishona na mimi nikisoma. Alimkanyaga taya. Niliona meno kwenye sakafu, katikati ya vifungo vilivyomwagika. Shemeji alikuwa ameuachia mkono zamani. Alikuwa amejifunika kichwa na kusema, "Basi, mama, basi," kwa kinywa ambacho hakikuweza tena kufunga. Hakukuwa na basi. Alikanyaga ile mikono iliyokifunika kichwa.

Hapo ndipo niliposimama. Nilimkumbatia dada yangu kwa nyuma, nikamvuta, nikamwambia atamuua. Mguu wake wa kulia uliendelea kupiga hewani mara mbili, tatu, hadi ulipotulia. Kisha akageuza uso, akanitazama kama alivyonitazama kwenye kile kikao.

"Kumbe unaweza kusimama," alisema. "Fungua mlango."

Nilifungua. Shemeji alitoka kwa viwiko, akiburuta mguu, mbele ya mtaa wote uliokuwa umekusanyika kwa kelele. Mtu mmoja aliuliza ni wanaume wangapi waliomfanya vile.

Alilazwa wiki sita. Kituoni safari hii wote wawili waliandikwa. Pua yangu na kile kidole vilitosha kuwa ushahidi, naye shemeji hakutaka kusimama mbele ya watu na kueleza. Anatembelea mkongojo. Hajapita tena mtaa wetu.

Kidole hakikupona. Kimenyooka kama penseli, wala hakihisi ncha ya sindano. Kwa miezi minne dada yangu hakushona kitu. Kisha alianza kusukuma kitambaa kwa mkono wa kushoto, polepole, mishono ikienda upande kama ya mwanafunzi. Wateja wengine walihama. Waliobaki wanasubiri zaidi. Jumamosi bado anakwenda ghalani. Mkanda wake ni mweupe hadi leo, maana katika mtihani alipiga tena chini ya mkanda, na Karani, asiyejua upendeleo, alimfelisha.

Kazi moja imemshinda kabisa, kutunga uzi kwenye sindano. Hiyo huifanya mimi, nikitoka shuleni, kwa miwani mipya na mikono isiyowahi kuvunjika popote. Jana niliukosa mwanya mara nne. Meza ya kukatia ilikuwa imetulia juu ya kurasa zangu.

"Siku ile," aliniuliza, bila kuinua macho, "ulisimama kwa ajili ya nani?"

Nililowesha ncha ya uzi mdomoni, nikajaribu tena.

"Tunga tu, Msomi," alisema. "Sina haraka."