Mwiko wa Bukari Ndani ya Dawa

Nakumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, mabati yakilia juu yetu na chumba kizima kikinukia sukari iliyochemka. Hata leo nikifumba macho harufu ile hunirudia, nami najiona msichana tena, kitambaa cheupe kichwani, nikikoroga dawa ya kikohozi ya watoto katika karakana ndogo hapa Likasi.

Kijiko kikubwa cha chuma tulichokorogea kilikuwa kimepelekwa kuchomelewa mpini. Mimi na subira tulikuwa hatujuani. Kikapuni nilikuwa na mwiko wa mama yangu, ule wa kusongea bukari, ugali wetu, niliokuwa nikimpelekea shangazi yangu mtaani Kikula. Babu aliuchonga kule Tshangalele, na kwetu nani angethubutu kusema mwiko wa mama ni mchafu? Niliuosha kwa maji ya moto mara mbili, nikakoroga. Nikajiona mjanja kweli.

Chupa zenye dawa ile zikakaa rafuni siku kadhaa zikingoja gari la hospitali. Asubuhi ya gari, nikizipangusa vumbi, niliinua moja dirishani. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, chepesi kama uzi wa pamba, kikielea taratibu. Nilikitazama muda mrefu. Kilikuwa kizuri, sikufichi. Kisha nikaelewa kuwa ni kuvu. Nikairudisha chupa nyuma ya nyingine, nikaendelea kupangusa. Niliogopa kufukuzwa, basi.

Ndipo akaingia Papa Ilunga, mkubwa wetu wa kazi, mzee wa maneno machache. Akasema mjukuu wake anakohoa tangu juzi. Akachukua chupa kwenye rafu ile ile, akaitia mfukoni mwa koti, akaelekea mlangoni. Nilimkimbilia nikamshika mkono, mimi msichana, nikamshika mzee mkono.

— Papa, usimupatie mutoto. Miye nimekoroga na mwiko ya bukari.

Hakupiga kelele. Alitoa chupa mfukoni, akaomba mwiko, ambao nilikuwa bado sijaupeleka kwa shangazi, akapitisha kidole kwenye ufa mdogo ambao sikuwahi kuuona.

— Mikono yako iko safi, mwana. Lakini muti ya mwiko inakunywaka mayi, inayachunga ndani, na kuvu inalala mule. Weye hauone kitu. Mutoto ndiye ataumia.

Kisha akauliza nimejua tangu lini. Nikasema tangu asubuhi. Hapo ndipo alipokasirika, akanigeuzia mgongo, akaenda kumwambia dereva kuwa hakuna mzigo. Gari liliondoka tupu. Tulifungua chupa zote, yeye na mimi, tukamwaga dawa mpaka jioni. Hakunifukuza. Mwiko alinirudishia, akasema niupeleke jikoni, huko ndiko kazi yake.

Jumatatu nawe unaanza kazi kwenye dawa. Basi nisikilize. Chombo cha mti kisiingie mahali pa kuchanganyia, wala katoni iliyolowana, wala nguo uliyopikia nyumbani. Chombo ukishakiosha, kikauke kabisa, maana kuvu inapenda unyevu kuliko sisi tunavyopenda bukari. Na ukikosea, utakosea tu, sema kabla chupa haijaingia mfukoni mwa mtu. Mimi nilichelewa asubuhi moja, na yule mtoto alikuwa karibu kuinywa.

Mungu akupe macho ya kuona kitu kidogo kama kile, na kinywa kisichongoja. Jumatatu jioni uje ule hapa. Mwiko wenyewe bado ninao.