Sauti ya Mkwe Nyuma ya Pazia

Mzee Amoni wa Lufingo, mkulima wa ndizi na chai, alikuwa hajawahi kumsemesha mkamwana wake, Lilian. Kwa Wanyakyusa wa kale, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia migombani. Mimi Mwantum, muuza mitumba wa Ibighi mwenye asili ya pwani, nilikuwa nawacheka sana. Siku ile sikucheka.

Lilian, shoga yangu, alikuwa na mimba ya miezi mitano tumbo lilipoanza kumkata upande wa kulia. Mumewe, Hosea, alikuwa Dar, kama vijana wengi tangu biashara iachiwe huru. Mzee Amoni akawasha pikapu yake, lakini Lilian, na maumivu yote yale, akakataa kukaa mbele na mkwewe. Tukapanda nyuma, juu ya mikungu ya ndizi, mpaka hospitali ya Mbeya. Nilimsema njia nzima.

Daktari akasema ni kidole tumbo, na kikipasuka, mama na mtoto wote wako hatarini. Wangetoboa matundu matatu madogo, wajaze hewa tumboni, waingize kamera na kukitoa, bila kupasua tumbo zima. Lilian akagoma.

"Mtoto ni wa ukoo wao," alisema. "Siwezi kuruhusu nitobolewe wakati wao hawajasema."

Basi mzee kasimama nje ya pazia, Lilian kalala ndani, na mimi napeleka maneno huku na huko kama punguani. Mzee akamuuliza daktari, "Hiyo hewa mnayojaza tumboni haitamkaba mtoto?"

"Tunajaza kidogo, na tunamlaza kiubavu, kushoto, damu imfikie mtoto vizuri. Siwezi kukuapia, mzee, ila wengi hutoka salama. Hatari kubwa ni kungoja."

Mzee akaafiki. Nikampelekea Lilian jibu, naye akanitazama tu. "Mwantum, wewe unanipenda. Unaweza kunidanganya."

Hapo nikachoka. Nikatoka, nikamwambia mzee kwa adabu niliyobakiwa nayo, "Baba, huyu akifa, hiyo mila mtamshikia nani?"

Mzee akavua kofia. Akaligeuzia pazia mgongo.

"Lilian, ni mimi. Kubali, mwanangu. Mtoto ni wetu, na wewe ni wetu."

Kisha nikamsikia Lilian akilia, akimwambia daktari wamtayarishe.

Upasuaji ulipokwisha, nesi aliweka kile kipembe chake cha mbao juu ya tumbo, akasikiliza, akasema mapigo ya mtoto ni mazuri. Mwenzenu nilikaa chini sakafuni nikalia kwa raha. Mzee naye, kule nje, alikuwa akijifuta uso kwa kofia.

Lusungu alizaliwa miezi ilipotimia, binti mzima na kelele zake. Mila wameirudia, wakikutana njiani, mzee bado anaingia migombani. Ila sasa, akiwa humohumo ndani ya majani, anauliza, "Mtoto hajambo?"

Na Lilian, kanga kaivutia usoni, anasimama na kumjibu, akimwita baba kwa Kinyakyusa, "Hajambo, tata."