Mama Nusa na miparachichi iliyoitwa tasa

Saa tatu kasoro asubuhi, mwanamke amesimama kando ya kitalu chake cha miche. Anakunja jani bichi mara mbili, analisugua kwa kidole gumba, analipeleka puani. Mteja aliyelileta ndani ya mfuko wa karatasi anamtazama kama anayesubiri majibu ya daktari.

"Linanukia bizari tamu kwa mbali," anasema. "Vijiti vyake vichanga vina vitone vyekundu?"

"Sikuangalia, mama."

"Basi rudi ukaangalie. Mtu hatambuliwi kwa kofia."

Mteja anacheka, anaondoka mikono mitupu. Ndivyo anavyofanya kazi mama huyu wa miaka hamsini na mbili, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Nusa: hakuuzii mche wa parachichi mpaka ajue ni mti gani umesimama tayari kwako.

Wauza miche wenzake wa kando ya barabara hawamwachi apumue. "Mama Nusa, unauza miche au unaposesha?" mmoja anamtania.

"Naposesha," anajibu bila kugeuka. "Nyinyi endeleeni kuuza waseja."

Utani huo una kovu chini yake. Miaka saba iliyopita, yeye na mumewe walipanda miche thelathini na miwili nyuma ya nyumba yao, yote ya aina moja, ile ambayo tunda lake huwa jeusi likiiva. Waliipanda juu ya vichuguu vya udongo, kwa kuwa mparachichi hauvumilii miguu yake ilowe. Miti ikanawiri. Ikachanua mpaka nyuki wakachanganyikiwa.

Mwaka wa tano ikatoa matunda kumi na moja. Si kila mti. Yote kwa jumla.

"Marehemu alionja nusu tunda," anasema taratibu. "Nusu nyingine nilikula mimi. Miezi miwili baadaye nikamzika."

Matanga yalipokwisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alisema miti ile ni tasa na ikatwe, vijengwe vyumba kumi vya kupangisha. Alikuja na kamba na vigingi, akapima msingi katikati ya mashina.

Mama Nusa alimwacha na vigingi vyake. Alichukua kigoda, akaenda kukaa chini ya miti.

Alikuwa amegundua jambo moja: matunda yote kumi na moja yalitoka kwenye miti miwili iliyo karibu na ua wa jirani yake, fundi cherehani. "Nilidhani ni mbolea ya choo chake," anasema, na kicheko kinamponyoka. Ng'ambo ya ua ulisimama mparachichi mwingine, wa tunda la kijani, ambao jani lake likisuguliwa hunukia bizari tamu.

Kwa wiki tatu alifunga nyuzi kwenye maua na kuyatazama tangu asubuhi hadi jioni. Ua la mti wake lilifunguka asubuhi likiwa jike, likajifunga, kisha kesho yake mchana likafunguka tena likiwa dume, linatoa chavua. Ua la mti wa fundi lilikwenda kinyume: jike mchana, dume asubuhi ya pili.

"Miti yangu ilikuwa inaamka pamoja na kulala pamoja. Nani angemkuta nani? Haikuwa tasa. Ilikuwa haijapata mwenzake."

Aliomba vijiti vya mti wa fundi, akavipandikiza kwenye tawi moja la kila mti wa nne. Katika kikao cha familia alisimama akaomba muda. Alipewa hadi mavuno ya mwaka huu, wala si siku moja zaidi.

Sasa mavuno yamebaki miezi mitatu. Matawi yaliyopandikizwa yalichanua, nyuki wakafanya yao, na matunda yaliyofikia ukubwa wa yai la kuku yananing'inia. Amehesabu mia nne na sita, akaacha, kwa sababu shingo ilimuuma.

Shemeji anaingia nyuma ya nyumba bila hodi, anaangalia juu.

"Haya yataanguka, shemeji. Parachichi huanguka."

"Mengine yataanguka. Yalishaanguka mengi, na yaliyobaki umeyaona."

"Usijipe moyo. Kikao ni kikao."

"Nakubali. Wanakikao waje na vikapu. Na wewe uje na kikubwa, maana mdomo wako nao ni mkubwa."

Shemeji anageuka aende zake. Lakini kabla ya kutoka, anainua mkono na kushika tunda moja, kwa uangalifu, kama anayepima uzito wake.

Akibaki peke yake, Mama Nusa anachukua mche wa ile aina ya kijani, mti wa thelathini na tatu, na kuupanda pale hasa palipopimwa pembe ya chumba cha kwanza. Anapanga kuongeza saba kabla ya mvua, kila mmoja mahali pa chumba.

Mche unayumba kwa upepo. Anang'oa kigingi cha shemeji kilicho karibu, anakigongomea kando ya mche, anaufunga kwa kitambaa alichopewa na fundi cherehani.

"Kigingi kizuri hiki," anasema akijikung'uta udongo. "Miaka miwili kimekaa bure. Nimekipa kazi."