Maskati hadi Mumbai, masaa matatu

Juzi, kwenye ofisi ya tiketi za ndege huku Malton, ughaibuni, mama Mkenya mwenye sare ya nesi alimuuliza wakala, "Maskati hadi Mumbai ni masaa mangapi kwa ndege?"

"Matatu hivi, dada. Karibu tu."

"Mamangu alipelekwa Mumbai kutibiwa, amelazwa huko peke yake. Mdogo wangu yuko Maskati, kazi za ndani, lakini mwajiri wake amefungia pasipoti yake kabatini. Basi nikatie mimi."

Wakala akatafuta, akashusha sauti. "Kutoka hapa, utafika keshokutwa."

"Madaktari wamesema hafiki keshokutwa."

Hata hivyo akaweka pasipoti yake mezani.

Ramani ukutani ilionyesha umbali wote duniani, isipokuwa ule wa kutoka kabatini hadi mlangoni.